Yaya Alikufa Jumanne

Yaya alikufa siku ya Jumanne, mwezi wa kumi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, katika hospitali moja ya Beni. Kwenye msalaba wake fundi aliandika tarehe ya Jumatatu. Sisi sote tulimpoteza yaya, lakini mama yetu alipoteza zaidi: alipoteza asubuhi nzima ambayo mwanawe alikuwa bado anapumua na kumwulizia. Asubuhi hiyo ilikuwa mikononi mwangu.

Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Huyu wangu alikuwa mwanamume, mwalimu wa Kiingereza. Kati ya watoto wa mama tulikuwa tumebaki wawili tu, yeye na mimi. Mimi ninauza vitenge Butembo. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, baba alipokufa. Yaya alikuwa amekaribia kumaliza, basi wakubwa wakaamua yeye ndiye aendelee. Sikumwonea wivu kwa hilo, wala sikumwekea kinyongo. Naliandika mapema ili mtu asitafute sababu mahali ambapo haipo.

Kabla hajapelekwa kufundisha Beni alifundisha Butembo, na jioni, maduka yakishafungwa, alikuwa na darasa la wafanyabiashara katika chumba cha parokia. Walikuja wale wanaokwenda Kampala kuchukua mali, na wachache wanaofika mpaka Dubai. Walitaka kujua kuuliza bei, kukataa bei, na kulalamika mali ikifika imevunjika. Aliwapa yote hayo. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kwenda Kampala, na kwa sababu nilipenda kumsikia akifundisha.

Jioni moja akaandika ubaoni mambo ambayo hakuna aliyemwomba: namna Waingereza wanavyosema kwamba kitu kimekwisha.

Alisema lugha ile haimalizi vitu vyote kwa namna moja. Mkutano ukiisha kwa heshima, wao husema unavutwa kuelekea kufungwa, kama mtu anavyovuta pazia giza likiingia. Hiyo aliiandika "draw to a close". Mapatano yakivunjika wakati kila mtu ameshayategemea, yameanguka yakapita katikati, kama chumvi kwenye mfuko uliotoboka: "fall through". Kazi ikikwama polepole na kwa kelele, imesaga na kusaga mpaka ikasimama: "grind to a halt". Hapo akaiga kinu cha mihogo cha jirani yetu kinapoishiwa mafuta ya mazutu, kwa mdomo na mabega na magoti, na darasa zima likacheka mpaka mlinzi wa parokia akafungua mlango kuangalia. Na jambo linaloanza kwa kishindo halafu linafifia bila mtu kujua lilikufa siku gani, hilo ni "fizzle out", kama ukuni mbichi unavyolia kwenye moto na kuzimika.

Kulikuwa na mzee mmoja muuzaji wa vipuri vya pikipiki, mtu mnene, mcheshi. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, lakini mimi biashara yangu haijaisha. Juu ya nini unanifundisha namna ya kuimaliza?"

"Juu utaongea na bauzaji ba Kampala," yaya akamjibu. "Bale banajua kukuambia mali imeisha kwa namna kumi."

"Na ile ya bongo, ya uongo, ni ya ngapi?"

"Ile ya bongo utaijua wewe mwenyewe, siku utafika Butembo na gari tupu."

Watu wakampigia mzee makofi kana kwamba ameshinda kitu.

Neno la mwisho ubaoni yaya aliliacha peke yake, chini, na alipolieleza alikuwa ananiangalia mimi. Baba yetu alichimba dhahabu upande wa Manguredjipa. Alipenda kutusimulia mshipa wa dhahabu unavyokwenda ndani ya jiwe. Unaufuata ukiwa mnene kama kidole, kesho ni kama kamba, keshokutwa kama uzi, kisha kama unywele. Halafu unapiga nyundo na unaona jiwe tu. Ukirudi nyuma kutafuta pigo la mwisho lililokuwa na dhahabu, hulioni. Yaya aliwaambia wanafunzi kwamba mwisho wa namna hiyo, wa kupungua na kupungua, Waingereza wanauita "peter out", na kwamba alisoma mahali kuwa ni wachimbaji walioanza kulisema, ingawa hakuwa na hakika.

"Ile njo ya Baba," yaani ndiyo ya Baba, aliniambia tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani.

Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Alipohamia Beni alinitumia sauti yake kwa simu: makaa yameisha ndani ya jiko, sema ni ipi, mvua imeacha, sema ni ipi. Mahubiri ya padri fulani, ambaye simtaji, siku zote yalikuwa ya kinu cha mihogo. Kiingereza changu cha dukani kimejaa makosa, lakini maneno ya mwisho wa vitu nayajua vizuri.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ini. Ulianza na uchovu, macho yakawa ya manjano, halafu tumbo likajaa maji. Alikuwa hajaoa, jambo ambalo mama hakuacha kulisema hata mbele ya wageni, basi mtu wa kumhudumia alikuwa mimi. Nilifunga meza yangu sokoni nikaenda Beni kuwa garde-malade, maana hospitalini kwetu mgonjwa hakai bila mtu wake: wa kupika, kufua, kukimbilia dawa, na kulala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mama naye alikuja kutoka Musienene, akakaa nasi. Walipomtoa yaya maji tumboni akapata nafuu. Akaanza kula. Na mvua zilikuwa zimeanza kuharibu maharage ya mama shambani, yakiwa yamekauka, yanapasuka yenyewe.

Ni yaya aliyemfukuza. "Mama, enda uvune," akamwambia. "Maharagi haingojaka mutu mugonjwa."

Mama alifunga kitambaa chake, akambariki mwanawe kwenye paji la uso, akatoka. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Pale akanishika kiwiko.

"Kama kitu inabadilika, uniite," akasema. "Umesikia? Uniite."

Nikasema nimesikia.

Sasa ni lazima nieleze desturi moja, kwa mtu asiyetoka huku. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Mtu akifa mbali, jamaa hawampigii mama yake wala mke wake. Wanampigia jirani mwenye moyo mgumu, mara nyingi katekista, na yeye anachukua mwanamke mmoja, wanakwenda pamoja mpaka nyumbani. Hata wakifika hawasemi amekufa. Wanasema mtu wako anaumwa sana, ujitayarishe. Hakuna anayeuliza zaidi. Mwenye nyumba anakaa chini, majirani wanaingia, kilio kinaanza. Ni huruma: inayapa magoti muda. Mimi mwenyewe nimekuwa yule mwanamke wa kwenda nyuma ya katekista, nikiwa na kitenge mkononi cha kumfunga mwenzangu kiuno. Desturi hiyo naijua kama ninavyoijua njia ya nyumbani, kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua.

Jumatatu alasiri yaya alibadilika. Alianza kuchanganya maneno, kisha akatulia, na miguu ikawa baridi. Daktari, mtu aliyetumwa kutoka mkoa wa mbali, aliniita kwenye korido akaniambia kwa Kifaransa cha upole kwamba niwaite wanaopaswa kuitwa. Nikatoa simu. Nikatafuta namba ya mama. Nikaiona. Sikuibonyeza.

Mama ana tension, shinikizo la damu, na anaishi peke yake. Siku ile mdogo wetu alipokufa, alisikia akiwa amesimama kwenye kizingiti, akaanguka na uso, akavunjika meno. Nilipoiona namba yake nilimwona akianguka tena, safari hii bila mtu wa kumwinua. Basi nikampigia katekista, jirani yake. Nilimwambia ukweli wote: yaya anaumwa sana, lakini ni mzima, amwambie mama apande pikipiki ya kwanza alfajiri.

"Nimesikia, mama," katekista akasema. "Nitamuambia vile vile."

Na alimwambia vile vile. Ni mtu mwaminifu. Lakini jua lilikuwa linazama, na mwanamume haingii kwa mwanamke anayeishi peke yake, saa ile, na habari nzito. Akamchukua mke wake. Mama alikuwa nje, amekaa na ungo wa maharage mapajani. Akawaona wawili, wanakuja polepole, mmoja nyuma ya mwingine. Katekista akavua kofia. Kabla hajafungua kinywa ungo ulikuwa umeshaanguka.

Alisema alichotumwa. Kisha akasema: "Hapana, mama, hajakufa, iko muzima." Majirani waliokuwa wameshaingia uani wakamshika bega. "Tunajua, katekista," wakamwambia. "Tunajua. Acha mama alie." Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumwona mwema. Pale kijijini hakuna aliyewahi kutumwa hivyo na habari ikawa ni ya ugonjwa tu.

Hayo yote niliyasikia baadaye. Usiku ule mimi nilikuwa Beni, namhesabia mama njia kichwani: sasa amelala, sasa anaamka, sasa anapanda pikipiki.

Lakini mfiwa hapandishwi pikipiki alfajiri peke yake. Hutafutwa gari. Hukusanywa ukoo, mikeka, maharage ya kulisha watu, na ile sufuria kubwa ya shirika, yaani ya kikundi chetu cha sala. Mambo hayo yanataka muda, na hakuna haraka, kwa sababu maiti hangoji kwa wasiwasi.

Jumanne kulipopambazuka nilimpigia mama. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama kawaida, maana anaichajisha dukani kwa jirani. Nikapiga ya katekista. Yaya alikuwa macho. Akili ilikuwa imemrudia, na alikuwa amenishika kifundo cha mkono tangu nilipomfuta uso. Simu ikapokelewa na mwanamke nisiyeijua sauti yake, na nyuma yake nikasikia watu wanaimba. Kwanza nilidhani ni misa ya asubuhi. Halafu nikayasikia maneno. Wimbo ule hauimbwi kwenye misa ya asubuhi. Unaimbwa nyumba ikiwa na msiba.

"Pole, mama," yule mwanamke akaniambia. "Tuko natafuta gari. Mama yako tunamushika muzuri."

Nilielewa pale pale. Watu wamenitetea wakisema nilikuwa nimechoka, kwamba garde-malade hupoteza akili. Sikuwa nimepoteza akili. Nilielewa kila kitu: katekista, mwanamke wa nyuma yake, kilio. Nilipaswa kusema neno moja, hajakufa, na kulirudia mpaka nisikike. Lakini yaya alikuwa ananiangalia, simu yangu ina sauti kubwa, na sikuweza kusema neno hilo mbele ya macho yake. Ni mtu gani anataka kumsikia dada yake akiwaambia watu kwamba yeye hajakufa?

Nikasema: "Sawa. Asante. Sawa." Nikakata.

"Mama iko wapi?" yaya akauliza.

"Iko mu njia."

"Muzuri," akasema, akafumba macho.

Ningetoka nje kupiga tena. Mlango ulikuwa pale. Nilijiambia nitatoka akilala, na kweli alilala, lakini mkono wake haukuniachia. Ningeweza kuufungua kidole kimoja kimoja, kama tunavyofungua mkono wa mtoto aliyelala ameshika nguo. Sikuufungua. Na nikiwa mkweli mpaka mwisho, haikuwa hofu ya kumwamsha tu. Nilikuwa nimemwuguza peke yangu, na ndani yangu kulikuwa na kitu kilichotaka asubuhi hiyo iwe yetu wawili, kabla ya gari na mikeka na sauti za watu. Kitu hicho kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo, nami nilikisikiliza.

Jua lilipokuwa juu aliamka. Aliuliza tena kuhusu mama, nami nikamjibu vile vile. Kisha midomo yake ikacheka kidogo.

"Sema," akaniambia, "hii ni ipi?"

Nilijua anauliza nini. Nikamwambia ile ya pazia, kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote. Akakunja uso.

"Ile ni ya mukutano. Mimi si mukutano."

"Basi ni ipi, yaya?"

"Ya Baba."

Baada ya hapo hakuongea nami tena, ila mara moja alimwita mama, bila kuuliza, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Pumzi yake ikawa kama kamba, kisha kama uzi. Nilikuwa nimeinama karibu kabisa na uso wake, na bado siwezi kusema ipi ilikuwa ya mwisho. Muuguzi alikuja akasema imekwisha, akaangalia saa, nami nikaiangalia pamoja naye.

Gari la Musienene lilifika alasiri. Lilikuwa lori la viazi, limejaa watu waliokaa juu ya mikeka, na sufuria imefungwa nyuma. Mama aliteremshwa. Alikuwa ameshafungwa kitenge kiunoni, na sauti yake ilikuwa imekauka. Alikuwa ameitumia yote. Machozi ya mwanawe alikuwa ameyamaliza wakati mwanawe bado anapumua, na sasa mbele ya chumba cha maiti hakuwa na la kutoa. Akanikumbatia.

"Ulibakia naye peke yako usiku muzima," akanong'ona.

Alidhani nilikesha na maiti. Sikumsahihisha.

Katekista alinivuta pembeni akaniuliza ni lini. Nikamwambia. Akavaa kofia yake, akaivua tena. Alimwambia baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa. Baba mdogo alinikuta naosha vyombo vya hospitali. Hakuwa na ukali.

"Alikufa jana," akaniambia. "Njo vile. Ao unataka tuzike babili?"

Na yeye ndiye aliyemwagiza fundi tarehe ya kuandika msalabani.

Tulimzika Musienene, juu ya shamba la maharage. Siku za matanga zilipita, watu wakala maharage yale yale mama aliyokuwa akipepeta Jumatatu. Halafu ikafika siku ya kumaliza. Siku hiyo kwetu garde-malade husimama mbele ya wote na kutoa historia ya ugonjwa, tangu maumivu ya kwanza mpaka pumzi ya mwisho. Ni lazima. Historia ikiwa na tundu, watu hulijaza wenyewe, na mara nyingi hulijaza kwa sumu, na kwa jina la jirani asiye na kosa. Kwa hiyo mtu husema yote: alikula nini, nani alimpa, alilala saa ngapi, alisema nini.

Baba mdogo alikuwa ameniambia nifupishe. "Useme jioni ya Jumatatu. Halafu useme Mungu alimuita. Bantu bataitika."

Nilikusudia kumtii. Naandika hivyo kwa sababu baadaye wengine walisema nilikuwa na ujasiri. Nilikuwa nimeshayapanga maneno laini kichwani: amepumzika, ametuacha, Bwana amemwita. Sisi pia tunayo mengi, si Waingereza peke yao, na uzuri wa maneno hayo ni kwamba hayaulizwi saa. Nilisimulia macho ya manjano. Nilisimulia maji tumboni, na nafuu, na mama kwenda kuvuna. Nikafika Jumatatu, daktari, korido. Watu waliitikia kwa kichwa. Nikafungua kinywa kusema Bwana.

Mama alikuwa kwenye mkeka mbele yangu, miguu ameinyoosha. Mama wa marehemu anaruhusiwa kukatiza.

"Mutoto yangu aliniuliza?" akasema.

"Ndiyo, Mama. Alisema: Mama iko wapi."

"Lini?"

Baba mdogo akakohoa. Nikatazama mikono ya mama, ilikuwa imelala mapajani imefunguka.

"Jumanne asubuhi," nikasema. "Alikufa Jumanne, karibu na saa sita."

Mtu aliyekuwa anasukuma kuni kwenye moto akaacha. Katekista aliinamisha kichwa. Mama hakulia. Alikaa kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

"Jumanne asubuhi nilikuwa natafuta sufuria," akasema.

Akaonyesha ukubwa wake kwa mikono.

"Ile kubwa ya shirika. Nilizunguka manyumba, hapana kuiona." Kisha akaniangalia. "Na weye ulijua tuko nalia?"

"Nilijua. Nilisikia wimbo kwenye simu."

"Juu ya nini haukusema iko muzima?"

"Alikuwa ananiangalia, Mama."

Aliendelea kunitazama. Nilitamani anipige. Ningejua la kufanya na kipigo.

"Nilikuambia uniite," akasema. "Hapana kutuma mutu. Nilikuambia uniite."

Baba mdogo akaanzisha sala ya kufunga, na watu wakaondoka mapema, kila mtu na kiti chake.

Kesho yake mama mwenyewe alimwita fundi. Fundi akapaka rangi nyeupe juu ya tarehe akaandika nyingine. Jua likiwa kali, ile ya kwanza bado inaonekana chini yake.

Nilirudi Butembo kwenye vitenge vyangu. Nilipokwenda Musienene kumwona, mama alinipa chakula, alinipa maji ya kuoga, aliniuliza habari za soko. Hakuna alichoninyima. Lakini akinipa kitu alikiweka mezani, nami nikakichukua mezani. Katekista nilikutana naye sokoni kule, kwenye magunia ya viazi. Alinishika mkono muda mrefu. "Nilisema vile ulinituma," akaniambia. Nikamwambia najua. Nasikia siku hizi akitumwa hukataa. Huwaambia watu wapige simu wenyewe, na wao humwona amekuwa mtu mgumu.

Wakati mwingine, nikikunja vitenge, narudia maneno ya ubaoni. Natafuta neno la ule mwisho ambao watu waliulilia kabla haujafika. Yaya hakunifundisha, na sidhani lipo.

Mvua za mwaka huu zilinikuta na malaria. Nilitetemeka usiku, nikanywa dawa, na asubuhi joto likaanza kushuka. Nilikaa kitandani na simu. Nikatafuta namba ya mama, nikaibonyeza, nikaomba iwe imezimwa. Iliita.

"Mama, ni mimi mwenyewe," nikasema. "Niko na malaria. Nimekunywa dawa. Niko muzima."

Nilisikia upepo wa shambani.

"Ni sauti yako?" akauliza.

"Ni sauti yangu, Mama."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana.

Nilijikaza nikafua, kwa sababu mashuka yalikuwa na jasho. Jua lilikuwa halijafika kati nilipokuwa nayaanika uani nikasikia pikipiki inapanda mtaa wetu, inasimama. Mama akaingia. Alikuwa na nguo za shamba, tope mpaka magotini, udongo kwenye kucha. Hakuwa na mfuko. Hakuwa hata na kitambaa cha kichwa. Aliniona nimesimama na shuka mkononi, akasimama na yeye.

Kisha akaja. Hakunisalimia. Aliweka mkono wake shingoni mwangu, chini ya taya, pale mshipa unapopiga, akauacha.

Kule nje motari, yule mwenye pikipiki, akapiga kelele: "Mama, tunarudi ao unabakia?"

"Ngoja kwanza," mama akamwambia, bila kugeuka.